Mkato wa Mlalo

1

Msomaji alitoa jibu kabla Atuganile hajamaliza kufuta kisu.

Alikuwa palepale alipokaa siku zote, sanduku jeupe lenye ukubwa wa friji ndogo, mlango wake wa kioo umefungwa juu ya slaidi aliyolishwa dakika moja iliyopita. Taa ya kijani ikawaka. Kwenye kioo cha mbele yakatokea maneno ambayo Atuganile aliyajua kwa moyo:

MVUTO WA KUSUKA. CHANZO: MGONJWA MWENYEWE. ARUDI KWENYE TAJI BAADA YA SIKU TATU.

Atuganile aliyasoma, akaweka kitambaa chini, akayasoma tena. Kisha akamgeukia mgonjwa mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, kitenge kichwani, bandeji ndogo ikichungulia juu ya paji la uso. Jina lake Tusekile. Kule kwenye ukumbi wa Mkono-Mbali alikofanya kazi walimwita Mama Ambele.

"Mama Ambele, nikuulize. Mara ya mwisho kusuka ilikuwa lini?"

"Kusuka?"

"Ndiyo. Au kubana, au kuweka rasta. Chochote."

Tusekile alimtazama kama mtu anayepima kama anataniwa. Akavua kitenge. Nywele zake zilikuwa zimepunguzwa fupi, urefu wa kucha, zimejaa vizuri kisogoni na utosini. Ila mbele, kutoka sikio hadi sikio, palikuwa na ukanda mtupu wenye upana wa vidole viwili, ngozi inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa.

"Hizi ndizo nywele za kusuka, dada? Nilinyolewa siku ya kuanua matanga ya baba Ambele, mwezi wa nne. Mwezi wa tano nikaingia ukumbini na kipara changu, wenzangu wakaniita balbu. Zimeota kote isipokuwa hapa. Toka siku ile sijakaa chini ya miguu ya mtu anisuke. Angeshika nini?"

"Dawa ya kulainisha je?"

"Wewe nawe unatafuta cha kunisingizia."

"Si mimi." Atuganile alielekeza kidevu kwenye sanduku. "Ni huyo."

Tusekile aliyasoma maneno yale polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho hakupandisha sauti.

"Huyo naye," alisema, "amewahi kufiwa?"

Atuganile aliokota kitambaa, akaendelea kufuta kisu. Miaka kumi na mmoja alikuwa mkataji katika maabara ile ya Tukuyu. Kazi yake ilikuwa kupokea kinyama kilichotobolewa kichwani, kidogo kama njegere, kukipitisha kwenye matangi ambayo siku hizi huchukua saa moja tu, kukizamisha kwenye nta mpaka kiwe bloku, kisha kukikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Isipokuwa mmoja tu, hakuwahi kukaa na mgonjwa akamwona anavyopokea jibu. Wagonjwa walipelekewa kwenye simu.

"Jumatatu natakiwa kwenye zamu," Tusekile alisema. "Naendesha winchi ya bandari moja huko kwenye barafu, hata jina lake silijui. Nafumba macho, navaa taji, naona theluji, nafikiria kuinua, chuma kinainuka. Kazi siichukii. Lakini siku hizi nikilivaa nasikia harufu. Nikiwaambia, wanasema ni mawazo tu."

Mikono ya Atuganile ilisimama.

"Harufu gani?"

"Kama ukibabua kuku. Yale manyoya ya mwisho."

Atuganile alishika ukingo wa meza. Maneno hayo alikwishayasikia, neno kwa neno, kwenye kibaraza cha mama yake, kichwa cha mdogo wake kikiwa kati ya magoti yake.

"Usiondoke," alisema. "Nisubiri hapo."

2

Daktari Mwalwisi alikuwa anakula ndizi ya kuchoma juu ya faili. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliomfanya mtu asijue amekataliwa mpaka afike nje.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, Atu. Vuta kiti."

Hakuvuta. "Yule mama wa leo hajasuka. Alinyolewa msibani kabla hajaanza kazi. Msomaji amesema ni kusuka."

"Watu husahau."

"Mtu anasahau kusuka nywele ambazo hana?"

Daktari alifuta vidole, kimoja kimoja. "Msomaji amesoma vinyama milioni nne, Atu. Mimi na wewe tumesoma vingapi?"

"Amevisoma wima vyote."

"Ndivyo mkataba unavyosema. Mkato wima tu."

"Nani aliuandika?"

"Walioleta mashine."

Hakuwa na haja ya kuuliza waliileta kutoka wapi. Dirisha la ofisi lilitazama bondeni, na bondeni palikuwa na paa la bluu la ukumbi wa Mkono-Mbali, ambamo wanawake mia tatu walikaa kwenye safu na mataji vichwani, wakiinua vyuma vya watu kwenye nchi wasizozijua.

"Daktari, wewe ndiye uliyenifundisha. Ukikata wima unapata ukuta mmoja wa nyumba: paa, dari, msingi. Nywele unaona mbili, tatu, umepata bahati. Ukikata mlalo unaona mji mzima kutoka angani. Mashina thelathini kwa mpigo, yote ya kina kimoja. Kama kuna kitu kinaua nywele kutoka nje, utakiona. Kwa wima huwezi kukiona hata ukodoe macho mpaka kesho."

"Nilikufundisha, ndiyo. Zamani."

"Basi niruhusu nikikate mlalo."

"Kinyama chake kimeisha. Ulikimaliza asubuhi, kilikuwa kidogo." Akaegemea nyuma. "Na hata kingekuwepo. Atu, sikiliza. Msomaji anasoma. Mimi natia muhuri. Wewe unakata. Mkataji hasomi. Ukiandika 'nimeona', karatasi yako haina kazi hata ya kufungia karanga. Unalijua hilo."

Alilijua. Alijua pia karatasi moja ambayo mkataji aliruhusiwa kuiandika. Ilikuwa imebandikwa juu ya sinki, imefifia kwa mvuke, na kila siku aliponawa mikono aliisoma bila kuisoma. Fomu Namba Tisa. Mkataji akikiri kwamba mkato wake ulikuwa na kasoro, majibu yote yaliyotokana na mkato wa aina hiyo yanasimamishwa mara moja, mpaka vinyama vikatwe upya kwa namna isiyo na kasoro hiyo. Aambatanishe slaidi mpya ya kinyama cha kwanza. Kibali chake kinaondolewa siku hiyohiyo. Mtu pekee aliyewahi kuijaza alikuwa mzee Kajuni, aliyetumia kisu butu wiki nzima akaona vibaya kunyamaza. Sasa anauza viatu vya mitumba sokoni.

Kinyama cha kwanza. Atuganile alihesabu miezi kurudi nyuma. Wa kwanza kutoka ukumbini kuletwa na upara alikuwa mwezi wa pili mwaka huu. Bloku namba moja, droo ya juu.

Subilaga.

3

Kila Jumapili alimsuka mdogo wake. Subilaga alipenda twende kilioni, ile mistari minyoofu ya kurudi nyuma, ambayo mtu husukwa harakaharaka anapopata habari ya msiba. "Sina muda wa mapambo," alikuwa akisema, "taji lenyewe litayafunika." Siku alipokuja na nywele zake ndani ya leso, akacheka akisema kichwa kinahama nyumba, Atuganile ndiye aliyemleta maabara. Yeye ndiye aliyemkata. Na Msomaji alipoandika MVUTO WA KUSUKA, yeye ndiye aliyeichapa karatasi, akaenda nayo mpaka kwa mama, akapiga magoti kibarazani.

"Nilikukaza sana, mdogo wangu. Nisamehe."

"Si nilikwambia una mikono ya fundi seremala," Subilaga akasema, akampiga kofi la utani begani. Akarudi kazini baada ya siku tatu, kama karatasi ilivyosema. Siku ya kumi na tisa alianguka na taji kichwani, na hakuinuka. Wakaandika kifafa cha kuzaliwa nacho. Kwao hakukuwa na mwenye kifafa, si kwa baba wala kwa mama.

Walipoanua matanga, mama alinyolewa, shangazi walinyolewa, na Atuganile akakataa wembe, akaondoka na kuacha watu wakinong'ona. Hakuweza kuwaambia kwamba hakutaka mtu aguse nywele zake, wala yeye kugusa za mtu, tena. Toka siku ile hakumsuka yeyote. Mama yake, ambaye nywele zake zilikuwa zimekwisha kuota, alizifunika kwa kilemba na hakuomba kusukwa.

Sasa alivuta droo ya juu. Bloku ilikuwa pale, mraba wa nta mweupe wa kutosha kwenye kiganja, na katikati yake punje moja ya kahawia. Aliwahi kuifungua droo hiyo mara nyingi bila sababu ya kikazi. Alikuwa akiitazama tu, kisha anairudisha. Mwili wote wa Subilaga ulikuwa chini ya udongo wa Kiwira, isipokuwa punje hii. Ilikuwa imebaki nusu. Kuikata mlalo, na kuikata mpaka kwenye kina kinachotakiwa, kungeimaliza.

Alikaa nayo. Tusekile, pale mlangoni, alikuwa amejifunga tena kitenge na alikuwa akimtazama.

"Hiyo ni ya nani?"

"Mdogo wangu. Alikuwa anaendesha mtambo wa mgodini, kwenye jangwa."

"Yule aliyeanguka safu ya nne?"

"Huyo."

"Mimi ndiye niliyepewa kiti chake," Tusekile alisema. Akakaza kitenge. "Na taji lake."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Atuganile, haikuja kwa kishindo, ilikuja kama maji yanavyopanda ndani ya ndoo. Hawakubadilisha hata taji. Walilifuta tu, wakampa mjane mwenye kipara.

Aliwasha sahani ya moto. Aliyeyusha nta, polepole, mpaka punje ikalegea ikaelea. Aliishika kwa koleo ndogo kwa ncha kabisa. Miezi minane alikuwa amemweka mdogo wake wima ndani ya nta, amesimama kama mtu aliyekaguliwa. Sasa akamgeuza. Akamlaza. Akamwagia nta mpya, akangoja igande, na katika kungoja huko hakuomba wala hakulia, alihesabu tu pumzi zake.

Kisha akakata.

Vipande vilitoka kisuni vikifuatana kama utepe. Alivilaza juu ya maji ya vuguvugu vikanyooka, akaviokota kwa vioo, akavitia rangi. Vya juu havikuwa na kitu. Aliendelea kukata. Bloku ilipungua mpaka akaona plastiki ya kishikizo kupitia nta. Kipande cha mwisho kilikuwa kidogo mno, akakishika kwa ncha ya brashi, na baada ya hapo kisu kilipita kwenye nta tupu.

Hakumpa Msomaji. Alifunua hadubini ya zamani iliyokuwa chini ya kanga kwenye pembe, akafuta lenzi zake, akainama.

Mashina thelathini na moja. Mduara baada ya mduara, kama miti iliyokatwa msitu mzima kwa siku moja. Tezi za mafuta hazikuwepo tena. Na katika kila mduara, upande mmoja, palikuwa na hilali nyeusi ya nyama iliyoungua. Alisogeza kioo kushoto, kulia. Hilali zote zilitazama upande mmoja, kule alikoweka alama ya wino wa kijani, na wino huo kila mkataji huuweka kuonyesha upande wa paji la uso. Upande linapokaa taji.

Akatafuta kitu kingine pia. Alitafuta kwa muda mrefu. Shina lililovutwa na msusi huinama, hupinda, hukunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Katika thelathini na moja yale hakuna hata moja lililoinama.

Alikuwa amemsuka vizuri.

Miezi minane alikuwa amelala na kuamka na mikono yake hii kama watu wawili waliomwua ndugu yake, na wenye mataji walimwacha awaze hivyo, na paa lao la bluu likawa linang'aa bondeni.

"Njoo utazame," alimwambia Tusekile.

Tusekile aliinama, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo. Kidole chake kilipanda chenyewe kikagusa bandeji.

"Hivi vyeusi?"

"Ni moto."

"Na Jumatatu?"

Atuganile alikwenda kwenye sinki, akaibandua Fomu Namba Tisa ukutani.

4

Daktari Mwalwisi alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alipoinua uso ulikuwa umezeeka.

"Umeimaliza bloku."

"Nimeimaliza."

"Ilikuwa mali ya maabara."

"Ilikuwa kichwa cha mdogo wangu."

Aliiona fomu mezani. Aliisoma sehemu iliyokwisha jazwa, akakaa. "Atu. Wewe hukukosea. Ulikata ulivyoambiwa."

"Hiyo iandike wewe, basi. Andika kwamba tuliambiwa. Tia muhuri."

Atuganile alimpa nafasi. Nje mvua nyembamba ya Tukuyu ilikuwa imeanza, ile isiyoisha. Daktari aligeuza kalamu yake mezani, mara moja, mara mbili, na ikabaki pale.

"Nilijua," Atuganile alisema.

"Sikiliza, nakwambia kama mwanangu. Ukisaini hii, hao kule chini hawaguswi. Watasema maabara ilikuwa na mkataji mzembe. Wanawake mia mbili na kumi na wanne walirudishwa kwenye mataji kwa kosa lako. Jina lako, si lao. Na wa kwanza ni mdogo wako mwenyewe." Alishusha sauti, upole wake wote ukarudi. "Mama yako atasikia kwamba ni wewe uliyemrudisha mtoto wake."

Hapo alipagusa penyewe. Atuganile alikiona kibaraza, akaona kilemba cha mama. Kumaliza bloku kulikuwa kugumu, lakini huku kulikuwa kugumu zaidi: kuandika kwa mkono wake uongo uliofanana sana na ukweli, na kumwachia mama ausome.

Alimtazama Tusekile. Tusekile hakumwomba. Alikuwa amekunja mikono mapajani kama mtu aliyezoea kungoja watu wengine waamue.

Atuganile akaandika. Aina ya kasoro: *Kukata wima. Ilipasa kukata mlalo.* Namba ya kinyama cha kwanza: akaacha namba, akaandika *Subilaga Mwansasu, miaka ishirini na minne, mtu wa kwetu.* Akasaini, akabandika slaidi mpya juu yake.

"Muhuri wa kupokea," alisema. "Huo huna mamlaka ya kunikatalia."

Daktari alipiga muhuri. Alifanya hivyo haraka, kwa wepesi wa mtu anayetoka salama, na akaiingiza fomu kwenye tundu la Msomaji. Taa ya kijani ikazimika. Ikawaka nyekundu, ambayo Atuganile hakuwahi kuiona.

MAJIBU 214 YAMESIMAMISHWA. WAHUSIKA WASIVAE TAJI MPAKA WAKATWE UPYA.

Simu ya Tusekile ililia mfukoni. Kule bondeni, muda mfupi baadaye, king'ora cha zamu kikalia katikati ya mchana, saa ambayo hakikuwahi kulia.

"Haya," daktari alisema, akanyoosha mkono apokee kibali. "Wataleta mkataji mwingine."

"Walete." Atuganile alivua kadi shingoni. "Lakini soma fomu yako. Vikatwe upya kwa namna isiyo na kasoro hiyo. Kasoro ni wima. Umeipokea na muhuri umepiga. Huyo atakayekuja, awe nani, atakata mlalo, vichwa vyote mia mbili na kumi na vinne, na Msomaji wenu atalazimika kuvitazama." Akaiweka kadi mezani, kando ya kalamu ya daktari. "Mtasomeshwa mpaka mchoke."

Daktari akageuka taratibu kuitazama taa nyekundu.

Nje, Tusekile alimshika mkono mpaka getini, kisha akashuka upande wa ukumbini ambako wanawake walikuwa wameanza kutoka, mikono vichwani. Atuganile alijikinga chini ya ukingo wa paa la walinzi, akapiga simu.

"Mama, shikamoo. Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Watasema mimi ndiye niliyemrudisha Subi kazini, kwa kumkata vibaya. Ni kweli nilimkata vibaya. Lakini mama, kusuka hakukumfanya kitu. Nimemtazama leo. Nilimsuka vizuri. Ni lile taji lililomchoma."

Akasikia mama yake anavuta pumzi puani.

"Na hao wenye taji?"

"Watatazamwa wote, mmoja mmoja. Lakini watakana."

"Watanikania mimi usoni?"

"Mama."

"Nakuuliza. Mlango wao uko wapi, wa hilo jumba la paa la bluu?"

"Uko hapo chini."

"Basi njoo nyumbani sasa hivi, njoo na kitana," mama alisema. "Siwezi kwenda kwa watu na kichwa hiki. Unisuke twende kilioni."